Manjano ya Mtoto Mchanga: Jinsi Hatari kwa Ubongo Inavyopimwa

Mtoto akizaliwa Jumatatu asubuhi na kuruhusiwa kwenda nyumbani Jumanne, manjano yake kwa kawaida hufika kileleni kati ya Alhamisi na Jumamosi. Siku hizo hayuko tena hospitalini. Yuko nyumbani, mara nyingi ndani ya chumba chenye mwanga hafifu, mikononi mwa mama aliyechoka na bibi ambaye amewahi kuona watoto wengi wa manjano wakipona bila dawa yoyote. Bibi hakosei. Watoto wengi hupona hivyo. Ugumu uko kwa wale wachache ambao manjano yao hupanda kupita kiasi, kwa kuwa mwanzoni wanafanana kabisa na wenzao.

Somo hili linawalenga wazazi, walezi na wahamasishaji wa afya ya jamii wa Kaunti ya Kilifi. Linaeleza jinsi wataalamu wanavyotofautisha mtoto wa kutazamwa tu na mtoto anayehitaji taa leo hii, na ni sehemu gani ya kazi hiyo inaweza kufanywa na mzazi mwenyewe nyumbani.

Kwanza, jina. Manjano ya mtoto mchanga si homa ya manjano, ule ugonjwa unaoenezwa na mbu na ambao wasafiri huchanjwa dhidi yake. Hayaambukizi. Mtoto hawezi kuyapata kutoka kwa mtoto wa jirani wala kumpa mwenzake waliyelazwa naye.

Manjano yanatoka wapi

Seli nyekundu za damu huishi kwa muda, kisha huvunjwa na mwili. Za mtu mzima huishi siku 120 hivi, lakini za mtoto mchanga huishi muda mfupi zaidi, na anazo nyingi kuliko mtu mzima kwa kulinganisha na ukubwa wa mwili wake. Kila seli inapovunjwa huacha uchafu wenye rangi ya manjano uitwao bilirubini. Alipokuwa tumboni, uchafu huo ulipitia kondo la nyuma na kuondolewa na ini la mama. Baada ya kitovu kukatwa, ini lake mwenyewe linapaswa kuanza kazi hiyo, nalo huhitaji siku kadhaa ili lichangamke.

Ndiyo sababu takriban watoto 6 kati ya 10 waliotimiza miezi, na 8 kati ya 10 waliozaliwa kabla ya wakati, huonekana wa manjano katika wiki ya kwanza. Kwa kawaida rangi hiyo huanza siku ya pili au ya tatu, hupanda hadi siku ya tatu au ya tano, kisha hufifia. Mtoto aliyetimiza miezi huwa ameisha manjano ndani ya wiki mbili, na njiti ndani ya wiki tatu hivi.

Jinsi yanavyofika kwenye ubongo

Bilirubini haisafiri peke yake ndani ya damu. Hubebwa na protini iitwayo albumini. Mtu anaweza kuifikiria albumini kama matatu na bilirubini kama abiria. Maadamu kila abiria ana kiti, bilirubini husafirishwa salama hadi kwenye ini na kutolewa nje kwa njia ya kinyesi. Abiria wakizidi viti, wanaobaki nje ndio hatari, kwa maana bilirubini isiyobebwa inaweza kupenya hadi ndani ya ubongo.

Mfano huu unaeleza pia kwa nini watoto wawili wenye kiwango kimoja cha manjano hawako katika hatari moja. Njiti ana matatu chache, kwa sababu albumini yake ni ndogo. Dawa fulani hukalia viti na kuwaacha abiria wa manjano nje. Miongoni mwazo ni dawa za jamii ya salfa na sindano ya ceftriaxone, ambazo mtoto mchanga mwenye manjano hapaswi kupewa. Mtoto mwenye maambukizi kwenye damu, au aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa, huwa na ukuta dhaifu kati ya damu na ubongo, hivyo hata abiria wachache waliobaki nje hupita kwa urahisi.

Bilirubini ikiingia kwenye ubongo haiharibu kila mahali kwa usawa. Hupenda zaidi sehemu za ndani zinazoongoza mwendo wa viungo, na vituo vinavyopokea sauti kutoka masikioni. Kwa hiyo mtoto aliyeathirika huweza kukua akiwa na viungo vinavyojinyonga bila yeye kutaka, asiyeweza kushika kijiko wala kukaa wima, na asiyesikia vizuri. Macho yake huweza kushindwa kutazama juu, na meno yake ya utotoni kutoka yakiwa na ganda bovu. Mara nyingi akili yake huwa nzuri kuliko watu wanavyodhani. Anaelewa, ila mwili haumtii. Madhara hayo yakishakomaa hayarudi nyuma, na hakuna dawa ya kuyaondoa. Kabla ya hapo, tiba yenyewe ni mwanga wa taa. Ni vigumu kutaja ulemavu mwingine ambao kinga yake ni nyepesi hivyo.

Macho hayatoshi kupima

Kwa miaka mingi wahudumu walifundishwa kukadiria manjano kwa kutazama yalipofika mwilini, kwa kuwa huanza usoni, kisha hushuka kifuani, tumboni, miguuni na mwisho kwenye viganja na nyayo. Mpangilio huo ni wa kweli, lakini haumwambii mtu kiwango halisi. Kwenye ngozi nyeusi jicho hukosea zaidi, hata la muuguzi mzoefu. Mtoto anaweza kuonekana mzima huku damu yake ikiwa imevuka mpaka wa hatari.

Hata hivyo, kutazama kuna kazi moja, nayo ni kuamua nani apelekwe kupimwa. Mzazi anaweza kufanya hivi kila siku katika wiki ya kwanza. Amtoe mtoto penye mwanga wa mchana, karibu na mlango au dirisha, bila kumwanika juani. Mwanga wa koroboi, na hata wa balbu nyingi za nyumbani, humfanya kila mtu aonekane wa manjano. Kisha abonyeze ngozi polepole kwa kidole kwenye paji la uso au kifuani, aachie, na atazame rangi ya pale alipobonyeza kabla damu haijarudi. Atazame pia weupe wa macho na ufizi. Mwisho afunue viganja na nyayo. Viganja au nyayo za manjano ni dalili ya hatari kwa umri wowote, na mtoto huyo aende hospitalini siku hiyo hiyo.

Familia nyingi za Pwani humweka mzazi na mtoto ndani mpaka arobaini itimie. Hakuna ubaya katika mapumziko hayo, na pengine yangefaa kuigwa kwingineko. Kinachohitajika ni dirisha lifunguliwe mara moja kwa siku ili mtoto atazamwe, na ieleweke kwamba safari ya kwenda kupimwa haivunji mila ya mtu.

Hesabu ya saa

Swali la kwanza ambalo daktari huuliza ni mtoto ana saa ngapi tangu azaliwe. Siku hazitoshi kwa hesabu hii. Manjano yanayoonekana kabla ya saa 24 kutimia huhesabiwa kuwa hatari daima, hata yakiwa hafifu, kwa sababu manjano ya kawaida hayaanzi mapema hivyo. Mara nyingi huwa ni ishara kwamba damu ya mtoto inavunjwa kwa kasi, au kwamba ana maambukizi.

Hapa kuna mtego ambao ni wa kwetu sisi watumiaji wa saa za Kiswahili. Muuguzi huandika kwenye kijitabu cha mama na mtoto kuwa mtoto alizaliwa 02:00. Mama husema alizaliwa saa nane usiku, na hilo ni sawa. Lakini akifika hospitali nyingine na kuulizwa haraka haraka, mtu huweza kuandika 8, na mtoto akapungukiwa au kuongezewa saa sita. Tena kuna wanaosema “usiku wa Jumatano” wakimaanisha usiku wa kuamkia Jumatano, na wengine wakimaanisha usiku unaofuata mchana wa Jumatano. Tofauti hiyo ni saa 24 nzima. Dawa yake ni kuonyesha kijitabu chenyewe badala ya kutamka saa kwa kumbukumbu. Aliyejifungulia nyumbani aandike tarehe na saa kwenye karatasi au simu mara tu mtoto anapotoka.

Namba moja, watoto watatu

Kiwango cha bilirubini hupimwa kwa damu kidogo ya mtoto, na matokeo katika hospitali zetu mara nyingi huandikwa kwa maikromoli katika lita moja ya damu. Maabara nyingine hutumia miligramu kwa desilita. Moja ya hizo ni sawa na takriban 17 za zile za kwanza, kwa hiyo matokeo ya 20 kutoka maabara moja na ya 340 kutoka nyingine ni kitu kile kile. Mzazi anayebeba karatasi ya majibu kutoka maabara ya mjini ahakikishe kipimo kimeandikwa kando ya namba.

Ili kuona jinsi namba inavyosomwa, chukulia watoto watatu waliopimwa na wote wakakutwa na 230. Mipaka inayotumika hapa ni ya mwongozo wa NICE wa Uingereza.

Wa kwanza ametimiza miezi, ana saa 72, ananyonya vizuri na mkojo unatoka. Kwa umri wake, taa huanza kiwango kikizidi 300. Yuko chini ya mpaka kwa 70. Mama anarudi naye nyumbani, anaendelea kumnyonyesha na kumtazama, na anaambiwa dalili za kumrudisha.

Wa pili naye ametimiza miezi, lakini ana saa 24 tu. Kwa umri huo mpaka wa taa ni 200, na mpaka wa kubadilishiwa damu ni 300. Huyu amekwisha kuvuka mpaka wa kwanza na anaukaribia wa pili. Tena kuna jambo la kasi. Watoto wengi huzaliwa wakiwa na kiwango kidogo, na ikiwa huyu alianza na 30, basi amepanda 200 ndani ya saa 24, yaani zaidi ya 8 kila saa. Damu yake inavunjwa. Anahitaji taa sasa, na kipimo kingine baada ya saa chache.

Wa tatu ana saa 72 kama yule wa kwanza, ila alizaliwa mimba ikiwa na wiki 32. Kwa njiti aliyefikisha siku tatu, mpaka wa taa hupatikana kwa kuzidisha wiki za mimba mara 10 kisha kutoa 100. Wiki 32 mara 10 ni 320, toa 100, zinabaki 220. Huyu pia anawekwa chini ya taa, ingawa namba yake ni ile ile ya mtoto aliyerudishwa nyumbani.

Mzazi hahitaji kukariri mipaka hii, na wala asiitumie kumtibu mtoto nyumbani. Majedwali yako hospitalini. Inamfaa kuielewa ili asilinganishe namba ya mwanawe na ya mtoto wa jirani, na ili aelewe kwa nini mmoja amelazwa na mwingine ameruhusiwa.

Dalili tatu za hatari kwa ubongo

Mwongozo huo huo unataja mambo matatu ambayo, lolote likiwepo, huweka ubongo wa mtoto katika hatari kubwa. La kwanza ni kiwango kinachozidi 340 kwa mtoto aliyetimiza miezi. La pili ni kupanda kwa kasi ya zaidi ya 8.5 kila saa. Mtoto aliyekuwa na 180 saa mbili asubuhi na 240 saa nane mchana amepanda 60 ndani ya saa sita, yaani 10 kila saa, na hiyo ni kasi ya kuogopwa hata kabla hajafika 340. La tatu ni mtoto kuanza kuonyesha kwamba ubongo umeguswa, bila kujali namba inasema nini.

Hilo la tatu ndilo mzazi anaweza kuliona kabla ya mtu mwingine yeyote. Huanza kimyakimya. Mtoto hulala kupita kiasi, huamshwa kunyonya akasinzia tena, mikono na miguu hulegea, na chuchu huachwa baada ya kunyonya mara mbili tatu. Wengi humsifu mtoto wa namna hiyo kuwa ni mpole. Mpole anayekataa titi apelekwe hospitalini. Baadaye hali hugeuka: analia kwa sauti nyembamba na kali isiyonyamazishwa, mwili unakakamaa, shingo na mgongo vinapinda kwa nyuma kama upinde, na pengine joto linapanda. Mwishoni hupata degedege, pumzi hukatika, au hazinduki kabisa. Jamii nyingine husema ni mtoto kuguswa na kitu kibaya na humtafutia mganga. Muda unaopotea hapo haurudishiki. Akitibiwa katika hatua ile ya kwanza ya ulegevu, mtoto anaweza kupona kabisa.

Nani wa kuangaliwa kwa karibu zaidi

Aliyezaliwa kabla ya wiki 38 ndiye wa kwanza kwenye orodha, hata kama ni mnene na anaonekana amekomaa. Mtoto wa wiki 36 hulazwa na mama wodini kama wengine wote na husahaulika kwa urahisi kuwa bado hajatimia. Anayefuata ni yule ambaye kaka au dada yake aliwahi kuwekwa chini ya taa. Mtoto aliyepata uvimbe wa damu kichwani au michubuko wakati wa kuzaliwa, kwa mfano aliyevutwa kwa mashine, ana damu ya ziada ya kuvunjwa. Anayenyonya maziwa ya mama pekee lakini hapati ya kutosha naye yumo, kwa kuwa kinyesi kikichelewa kutoka, bilirubini hufyonzwa tena kutoka utumboni. Maziwa ya mama hayana kosa hapo. Mama anahitaji kusaidiwa kumshikisha mtoto titi vizuri na kumnyonyesha mara 8 hadi 12 kwa siku, mchana na usiku.

Kisha kuna damu zisizopatana. Mama wa kundi O anaweza kumzaa mtoto wa kundi A au B, na kinga zake zikavunja seli za mtoto. Kundi O ni la kawaida sana nchini, hivyo jambo hili si geni wodini, ingawa mara nyingi huwa la wastani. La hatari zaidi ni mama mwenye damu aina ya Rhesus hasi aliyebeba mtoto wa Rhesus chanya. Huyo huhitaji sindano ya kinga ndani ya saa 72 baada ya kujifungua, na pia mimba ikitoka, ili mtoto atakayefuata asiathirike. Ndiyo maana kundi la damu huandikwa kwenye kijitabu tangu kliniki ya kwanza ya ujauzito. Mwenye nafasi iliyoachwa wazi kwenye ukurasa huo aulize kabla hajajifungua.

Sababu nyingine inawahusu watu wa Pwani kwa namna ya pekee. Kuna kimeng'enya kiitwacho G6PD kinacholinda seli nyekundu zisivunjike ovyo. Watu wengine huzaliwa nacho kidogo, wavulana zaidi kuliko wasichana. Upungufu huo hupatikana zaidi katika maeneo yaliyoishi na malaria kwa vizazi vingi, kama Pwani na ukanda wa Ziwa Victoria, kwa sababu humpa mtu kinga kiasi dhidi ya malaria. Mtu anaweza kuishi nao maisha yote bila kujua. Lakini mtoto mchanga mwenye upungufu huo akikutana na kitu kinachochokoza damu yake, manjano hupanda ghafla. Kichokozi kinachojulikana sana ni vile vidonge vyeupe vyenye harufu kali vya kufukuza nondo na mende, vinavyowekwa kabatini au kwenye sanduku la nguo. Shali au blanketi lililohifadhiwa kwa ajili ya mjukuu, likatolewa na kumfunika bila kufuliwa, linatosha. Nguo zote za mtoto zifuliwe na kuanikwa juani kabla ya kuvishwa, na vidonge hivyo visikae ndani ya chumba chake. Dawa za mitishamba nazo zisipewe mtoto mchanga wala kupakwa kitovuni, kwa kuwa hakuna ajuaye zitafanya nini kwa damu ya aina hiyo.

Jua la asubuhi

Ushauri wa kumwanika mtoto jua la asubuhi umetolewa na wakunga, na hata na wahudumu wa afya, kwa miaka mingi. Haukutoka hewani. Katika miaka ya 1950, muuguzi mkuu wa watoto njiti katika Hospitali ya Rochford, Uingereza, aitwaye Jean Ward, alikuwa na desturi ya kuwatoa watoto nje kwenye jua. Siku moja aliwaonyesha madaktari mtoto ambaye manjano yake yalikuwa yamefifia kila mahali isipokuwa pale palipofunikwa. Baadaye chupa ya damu ya mtoto iliyosahauliwa juani ikakutwa na bilirubini iliyopungua. Madaktari wa hospitali hiyo walitengeneza taa, na mwaka 1958 wakachapisha matokeo yao. Taa za leo katika wodi za watoto wachanga zimetokana na kazi hiyo.

Kwa hiyo jua lina nguvu kweli, lakini halina kipimo. Ili limsaidie mtoto mwenye manjano makali, ingebidi akae uchi juani kwa saa nyingi, jambo ambalo lingemchoma ngozi na kumkausha maji. Dakika kumi za asubuhi akiwa amefungwa khanga hazimdhuru, na hazimtibu. Madaktari huko Lagos, Nigeria, walichapisha mwaka 2015 utafiti wa mahema yaliyofunikwa kwa karatasi maalumu inayochuja miale mibaya ya jua, na yalifanya kazi vizuri kama taa za kawaida. Hata hivyo, watoto walikuwa hospitalini, wakipimwa joto na damu, na waliokuwa taabani hawakutibiwa hivyo. Hatari ya jua la nyumbani ni kwamba familia huhesabu kuwa mtoto yuko kwenye matibabu, na siku mbili za thamani kubwa zinapita.

Maji ya glukosi hayatoi manjano, na maji matupu pia hayatoi. Yote mawili hujaza tumbo la mtoto na kumfanya anyonye kidogo.

Safari na yanayofuata hospitalini

Zahanati nyingi hazina kipimo cha bilirubini. Kazi yake ni kumtambua mtoto na kumpa rufaa kwenda hospitali yenye wodi ya watoto wachanga. Kwa familia za mbali, kama za Ganze au Magarini, ni busara kupanga usafiri kabla ya kujifungua, ikiwa ni pamoja na boda boda atakayekubali kuitwa usiku. Njiani mtoto abebwe kifuani, ngozi kwa ngozi, na anyonyeshwe kila anapoweza.

Hospitalini anaweza kupimwa kwanza kwa kifaa kinachowekwa kwenye paji la uso bila kumchoma sindano. Kifaa hicho hakiaminiki kwa mtoto wa chini ya saa 24 au aliyezaliwa kabla ya wiki 35, na kikionyesha zaidi ya 250 lazima damu ipimwe. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2022 kila mtoto apimwe kwa kifaa cha aina hiyo kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani. Pale kisipokuwepo, mama ana haki ya kuuliza mtoto wake atatazamwa tena lini, na jibu liwe siku inayojulikana. Ziara ya ndani ya saa 48 baada ya kujifungua isiachwe kwa sababu mtoto anaonekana mzima.

Chini ya taa mtoto huvuliwa nguo, hubaki na nepi, na macho hufunikwa. Mwanga wa buluu si eksirei na haumchomi. Hubadilisha umbo la bilirubini ili mwili uitoe bila kusubiri ini likomae. Mama humtoa kumnyonyesha na kumrudisha. Jambo ambalo huwachanganya wazazi ni kwamba ngozi iliyomulikwa hupauka haraka huku damu bado ina manjano mengi. Mtoto anayetolewa wodini kwa sababu “amekuwa mweupe” anaweza kurudi baada ya siku mbili akiwa na degedege. Taa huzimwa kwa kufuata kipimo cha damu, kisha kipimo kingine hufanywa baada ya nusu siku hivi kuhakikisha kiwango hakijapanda tena.

Taa zikishindwa, au mtoto akiwa tayari na dalili za ubongo, damu yake huondolewa kidogo kidogo na kuwekwa nyingine. Kazi hiyo huhitaji damu ya kuchangiwa, na hapo ndugu wa familia wana nafasi ya kusaidia kwa kitu zaidi ya dua.

Baada ya kuruhusiwa

Mtoto aliyepata manjano makali apimwe masikio, na mzazi aeleze historia hiyo kwa anayempima. Kuna kipimo cha sikio peke yake na kuna kipimo cha njia ya sauti hadi kwenye ubongo. Manjano huharibu njia hiyo huku sikio lenyewe likiwa zima, kwa hiyo mtoto anaweza kufaulu kipimo cha kwanza na bado asisikie maneno. Asiyeshikilia shingo akifika miezi minne, au anayekakamaa, apelekwe kwa wataalamu wa mazoezi ya viungo mapema, na asajiliwe na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu inapobainika ana ulemavu.

Manjano yakipita wiki mbili kwa mtoto aliyetimiza miezi, au wiki tatu kwa njiti, sababu yake huwa nyingine na uchunguzi ni mpya. Mama atazame nepi. Kinyesi cheupe kama chokaa au udongo mkavu, pamoja na mkojo wa rangi nzito, huashiria mrija wa nyongo uliozibika. Hapo kiungo kilicho hatarini ni ini, na upasuaji wake hufaulu zaidi ukifanywa kabla mtoto hajafikisha siku 60.